Gari Lako ni la Mwaka Gani?

Kenya, gari la miaka saba ni jipya. Limeshuka Mombasa wiki jana, viti bado vina plastiki, mwenyewe amemwita pasta aliombee, na majirani wanakuja kulizunguka wakigonga bonneti. Yule Mjapani aliyeliendesha hiyo miaka saba hatumhesabu. Serikali nayo imeweka mpaka wake: kwa kanuni inayoitwa KS 1515, gari lililotumika likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, haliingii nchini. Kwa hivyo habari ya gari kuzeeka kwenye karatasi tunaijua vizuri. Injini inaweza kuwa inanong'ona tu, bodi haina hata mkwaruzo, lakini mwaka ukigeuka, gari limekuwa haramu.

Mpaka mwingine wa aina hiyo nilikutana nao kazini. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, kodi yangu hulipwa na maneno. Kuna mteja Marekani alikuwa ananitumia orodha ya kambi za magari, nami naandika maelezo ya kila moja, maneno mia tatu, uchangamfu mwingi. Arizona sijawahi kufika, lakini nimeisifu mara arubaini hivi. Kambi nyingi zilikuwa na sharti moja lililofichwa chini ya sharti la mbwa na juu ya sharti la kelele za usiku: magari yaliyozidi miaka kumi hayapokelewi. Zingine zilisema miaka kumi na mitano. Zingine zilitaka utume picha kwanza, meneja aliangalie gari lako, kisha aamue.

Nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kuona. Gari-nyumba ni nyumba iliyojengwa juu ya chasisi ya lori au basi: kitanda, jiko, choo, tenki la maji safi na tenki la maji machafu, vyote vinaenda na wewe. Kuna pia trela, nyumba isiyo na injini, inayovutwa na gari lingine. Ukifika kambini unalipia nafasi, unachomeka waya wa umeme, unaunga mpira wa maji, na unaunganisha lile bomba ambalo hakuna mtu hupenda kulishika. Wako wanaofanya hivi wikendi. Wako waliostaafu wakauza nyumba, na wako ambao hawana nyumba nyingine popote. Hawa wa mwisho ndio mstari wa miaka kumi unawauma zaidi, na ndio walionifanya nianze kusoma historia ya hizi kambi kwa muda wangu, bila mteja, bila malipo.

Nilichokikuta ni kwamba swali la mwaka wa gari limekuja juzi tu. Kabla yake kulikuwa na maswali mengine langoni, na ukiyafuata nyuma yanafika miaka mia moja.

Mwaka 1919 huko Tampa, Florida, katika uwanja ulioitwa De Soto Park, wasafiri waliokuwa wakilala kwenye magari na mahema walianzisha chama wakakiita Tin Can Tourists, watalii wa mikebe. Alama yao ilikuwa mkebe uliochomelewa kwenye kifuniko cha rejeta. Ukiuona mkebe barabarani, unajua huyo ni mwenzako, unasimama, mnasaidiana tairi. Wengi wao waliendesha Ford Model T, gari ambalo katikati ya miaka ya 1920 lilikuwa linauzwa mpya kwa chini ya dola 300. Kwa mara ya kwanza fundi na mkulima wangeweza kwenda mahali ambapo zamani tajiri alienda kwa treni.

Miji ilifurahi mwanzoni. Mtalii akilala kwako atanunua mkate kwako, kwa hivyo miji mingi ilifungua kambi za bure: mahali pa hema, maji, mahali pa kupikia, vyoo. Denver ilikuwa na Overland Park, kambi kubwa yenye jengo lake la ghorofa, duka na mkahawa. Miji ilishindana, kila mmoja ukitaka kambi yake isifiwe zaidi ya ile ya mji jirani.

Halafu wakaja watu ambao miji haikuwaalika. Familia zilizokuwa zikifuata mavuno kutoka shamba hadi shamba, watu wanaotafuta kazi, gari limefungwa kwa kamba, watoto sita nyuma. Nao walikuwa na gari na walikuwa safarini, na bango la kambi lilisema karibuni. Ungewakataa kwa sababu gani? Mwanahistoria Warren Belasco, aliyeandika kitabu kizima kuhusu kambi hizi, anaonyesha jinsi miji ilivyojitoa: ikaanza kutoza ada, mara nyingi senti 50 kwa usiku, ikaweka daftari la kujiandikisha na kikomo cha siku za kukaa. Pesa yenyewe haikuwa kitu. Ada iliwekwa ili ichuje. Mwenye likizo hatasikia senti 50, lakini mchuma matunda mwenye watoto sita ataendelea kuendesha mpaka apate kichaka.

Hapo nilisimama kidogo. Nimeishi Nairobi vya kutosha kujua askari wa lango anavyoangalia gari kabla ya kumwangalia mtu. Probox huulizwa unaenda wapi, Prado hufunguliwa. Sikujua tu kwamba huko Marekani mambo haya yaliandikwa kwenye daftari za mabaraza ya miji, yakajadiliwa, yakapitishwa.

Miaka ya 1930 hata ada haikutosha tena. Ukame na Mdororo Mkuu vilisukuma mamia ya maelfu ya watu kutoka Oklahoma, Texas na majimbo jirani kuelekea California, wengi wakiwa kwenye magari ambayo leo fundi wa Grogan angekataa hata kufungua bonneti. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, alituma askari wake zaidi ya 130 kwenye mipaka ya jimbo lote, mamia ya kilomita nje ya mji wake, kuwarudisha watu walioonekana hawana pesa. Waliangalia nini? Gari, mizigo, mfuko. Gari bovu lilikuwa ushahidi tosha.

Kesi iliyomaliza jambo hilo mahakamani naipenda kwa udogo wake. Fred Edwards wa Marysville, California, alienda Spur, Texas, kumchukua shemeji yake, Frank Duncan, aliyekuwa hana kazi. Wakaondoka tarehe 1 Januari 1940 kwa gari, siku ya tatu wakaingia California, siku ya tano wakafika nyumbani. Duncan alitoka Texas na dola 20 hivi. Walipofika Marysville zilikuwa zimeisha. Edwards akashtakiwa kwa kosa la kuleta maskini ndani ya jimbo, maana sheria hiyo ilikuwepo, akahukumiwa miezi sita ingawa kifungo kiliahirishwa. Novemba 1941 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria, majaji wote wakikubaliana. Tangu hapo jimbo haliwezi kumzuia mtu mpakani kwa sababu ni maskini.

Lakini kambi ya mtu binafsi si jimbo. Hilo ndilo la kushika.

Kwa msafiri Mweusi lango lilikuwa na swali la mapema kuliko yote, na halikuhitaji kuulizwa kwa mdomo. Ndiyo maana Victor Green, mkazi wa Harlem aliyekuwa akisambaza barua, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo cha mahali ambapo mtu Mweusi angeweza kulala, kula na kujaza mafuta bila kufukuzwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku hoteli na mikahawa kubagua wateja kwa rangi, dini au asili ya taifa. Ukisoma orodha hiyo ya makosa, mwaka wa kutengenezwa kwa gari haumo. Meneja anaweza kukukataa kwa sababu ya gari lako na sheria isimguse.

Tuje kwenye klabu, maana wapenda magari-nyumba hawakai peke yao. Wana mikutano yao, wanaiita rali. Sisi tukisikia rali tunafikiria Naivasha, vumbi na helikopta. Yao ni polepole: magari mia mbili yamepangwa uwanjani, watu wanabadilishana vipuri na mapishi, jioni kuna muziki. Airstream, yale matrela ya fedha yanayong'aa kama sufuria mpya, yalikuwa na klabu tangu 1955, iliyopewa jina la Wally Byam aliyeanzisha kampuni. Kila trela lilibandikwa namba kubwa nyekundu. Kuingia ilibidi uwe na Airstream. Trela la kampuni nyingine, hata liwe zuri vipi, hapana. Chujio lilikuwa jina la kiwandani.

Na hawa walipita hapa. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, Wamarekani zaidi ya mia moja, wengi wao wazee. Walipita Kenya wakielekea Ethiopia, ambako Haile Selassie aliwapokea, na njia ya kaskazini ikawavunjia vyuma kama inavyovunjia kila mtu. Mpaka leo zile picha za matrela ya fedha karibu na piramidi ni za kupendeza. Lakini mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari, iliyoondolewa Januari 1960. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji kitabu cha pasi kusafiri ndani ya nchi yake mwenyewe. Kwa hivyo katika mwaka huohuo, kwenye barabara zilezile, mstaafu wa Marekani alikuwa akivuta chumba chake cha kulala kutoka koloni hadi koloni, na mtu wa Nyeri hangeweza kwenda Nairobi bila muhuri. Sisemi Byam ndiye aliyetunga pasi. Nasema tu kwamba uhuru wa barabara haujawahi kugawiwa sawa, na picha nzuri hazionyeshi hilo.

Sasa kuna hadithi ninayodhani kila meneja wa kambi angepaswa kuisoma. Tarehe 20 Julai 1963 jua lilipatwa kabisa juu ya jimbo la Maine. Familia 26 zenye magari-nyumba zilikubaliana kukutana kwenye uwanja wa shule moja huko Hinckley ili walione pamoja. Fikiria uchaguzi wa mahali pa mkutano unaofanywa na kivuli cha mwezi! Baada ya giza kupita waliketi wakaanzisha chama, Family Motor Coach Association, ambacho baadaye kikawa kikubwa kuliko vyote vya aina yake. Waliendesha nini? Viwanda vya magari-nyumba vilikuwa ndio vinaanza. Winnebago ilitoa ya kwanza mwaka 1966. Kwa hivyo mengi ya yale yaliyokuja Hinckley yalikuwa mabasi ya zamani ambayo wenyewe waliyang'oa viti, wakaweka vitanda na jiko, wakapaka rangi. Msafara ule ungefika leo kwenye kambi ya kifahari kule Florida, usingepita lango. Waasisi wenyewe!

Na chama chao nacho kikaweka mlango. Kwa zaidi ya miaka hamsini mwenye trela la kuvutwa hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Walifungua mwaka 2017, kwa kura.

Sharti la umri lilikuja likiwa na mantiki fulani. Mwaka 1976, tarehe 15 Juni, serikali ya Marekani ilianza kutumia kanuni za ujenzi kwa nyumba za kuhamishika, zile kubwa zinazowekwa mahali zikakaa. Za kabla ya tarehe hiyo zilikuwa hazina kiwango kimoja cha nyaya wala cha moto, na miji mingi ikaamua haitazipokea tena. Hiyo naielewa. Ina tarehe na ina sababu, na sababu yenyewe unaweza kuipima. Magari-nyumba hayana tarehe kama hiyo. Kumi ni namba tu, mviringo, rahisi kuandika kwenye bango.

Nimtendee haki meneja kidogo. Gari-nyumba likifia kambini ni mzigo. Kuta zake ni mbao nyembamba na faiba, huwezi kuliuza kama chuma chakavu, na kulivuta hadi jalalani kunagharimu. Mwenyewe akitoweka, gharama inabaki na kambi. Friji za gesi za zamani zimewahi kuwasha moto, na nafasi zikiwa zimebanana moto hauchagui jirani. Wateja wanaolipa vizuri nao hulalamika wakipangwa kando ya paa lililofunikwa turubai. Haya yote ni kweli. Lakini kwa nini basi usikague? Paa linavuja au halivuji, tairi ni zima au si zima, tenki linamwaga au halimwagi. Dakika kumi zinatosha. Badala yake unaulizwa mwaka, kisha, ukiwa na la mwaka 1976 linalopendeza machoni, unaambiwa utume picha, na ghafla kumi si kumi tena. Hapo ndipo siri inatoka. Sharti linalolegezwa kwa picha halikuwa la moto wala la maji machafu. Ni zile senti 50 za kambi za zamani zimerudi na jina jipya.

Mfano mzuri ni gari-nyumba la GMC, lililotengenezwa 1973 hadi 1978, kama magari 13,000 hivi, kisha kiwanda kikaacha. Linaendeshwa na magurudumu ya mbele, sakafu iko chini, vioo vimezunguka kama vya meli. Karibu miaka hamsini baadaye bado yako barabarani, yana klabu, yana rali. Kando yake weka gari-nyumba la mwaka 2021, mwaka ambao viwanda vya Marekani vilisafirisha magari-nyumba na matrela zaidi ya 600,000, rekodi, kila mtu akikimbia korona. Kwenye karatasi hili la pili linaingia popote.

Kwa hivyo watu wa magari ya zamani wanachaguaje mahali pa kukutana? Hapa ndipo historia inageuka kuwa simu za asubuhi. Mwenyekiti wa rali huanza mapema, mara nyingi mwaka mzima kabla. Swali la kwanza ni hilo la mwaka, na anayeuliza lazima apate jibu kwa maandishi, maana meneja wa leo si lazima awe ndiye wa Juni. Halafu umeme: magari mengi ya zamani yanatumia ampea 30, mabasi mapya 50, na kambi iliyojengewa mabasi mapya inaweza kuwa na soketi usizoweza kutumia bila kifaa cha kuunganishia. Kisha ukumbi wa kukaa mvua ikinyesha, mahali pa kumwaga maji machafu, umbali ambao gari la nusu karne linaweza kwenda bila kuchemsha mlimani, na fundi wa karibu asiyecheka akiliona.

Mara nyingi jibu ni uwanja wa maonyesho ya kilimo. Fikiria Jamhuri wakati hakuna shoo. Kila kaunti Marekani inao au iko karibu na wenye nao: nafasi tele, umeme wa kutosha mabanda ya ng'ombe, ukumbi, bei ya chini kwa sababu wiki hiyo hakuna ng'ombe. Hakuna anayeuliza mwaka. Watalii wa mikebe, waliofufuliwa mwaka 1998 kama klabu ya matrela na magari-nyumba ya zamani, sasa wanaalika hasa yale yanayokataliwa kwingine. Kuna pia kambi za serikali, nyingine zilizojengwa na vijana wasio na kazi katika mpango wa Roosevelt miaka ya 1930. Nafasi zake ni fupi, kwa hivyo GMC la futi 26 linaingia vizuri na basi jipya la futi 40 ndilo linalorudishwa. Nakiri nilicheka nilipoligundua hili.

Na kuna jangwa. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma ilitenga tangu 1983 maeneo ya kukaa majira yote ya baridi, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Kibali cha msimu mzima kiliwahi kuwa dola 180. Kwenye kambi ya kifahari hiyo ni pesa ya siku chache. Maji na choo unajibebea au unafuata, umeme ni wa jua lako mwenyewe, na mwaka wa gari lako haumhusu mtu. Januari mji ule mdogo hujaa mabasi ya dola nusu milioni, vani za watu waliokuwa walimu na wauguzi, matrela ya mwaka 1968, yote kwenye changarawe ileile. Kitabu cha Jessica Bruder cha 2017 kuhusu wazee wanaoishi kwenye magari wakifanya kazi za msimu kilipita huku, na filamu iliyotokana nacho ikashinda Oscar.

Huko Quartzsite kuna makaburi, na kaburi maarufu zaidi ni la mtu aliyeitwa Hadji Ali. Alitoka dola ya Uturuki, akaletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu jangwani. Wamarekani walishindwa kutamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Jeshi lilichoka na ngamia, yeye akabaki, akabeba mizigo, akatafuta dhahabu, akafa mwaka 1902. Miaka ya 1930 jimbo lilimjengea piramidi ndogo ya mawe, juu yake ngamia wa shaba. Wenye magari-nyumba huegesha hapo karibu, wapige picha, kisha warudi changarawe kabla jua halijazama, maana baridi ya jangwa huingia haraka na heta ya gari la zamani inahitaji kuwashwa mapema.